Papa amepasuliwa prostati, lakini nyama ilienda wapi? Kansere isiyo ya kawaida inayojificha nyuma ya PSA ndogo

Chukua mfano wa mzee mmoja wa miaka 67, mwalimu aliyestaafu, mkaaji wa milima ya Lubero. Toka mwaka uliopita anaamka mara nne, mara tano usiku kwenda kukojoa. Mkojo unatoka kidogo kidogo, unakatika, unarudi. Asubui moja anaona mkojo umekuwa mwekundu kama maji yaliyopikiwa lengalenga nyekundu. Haumwi popote. Kesho yake mkojo ni safi. Anajisemea moyoni: « Imeisha. » Bibi yake hajui, watoto hawajui.

Miezi miwili kiisha, damu inarudi. Jirani anamwambia ni mafigo, mwingine anacheka na kusema ni ugonjwa wa zinaa wa zamani. Kwenye kituo cha afya wanamupa antibiotiki, damu inakauka, halafu inarudi tena. Mwishoni familia inachanga, anafika hospitali kuu, wanamtoa damu ya kupima PSA. Majibu: 2,8. « Muzee, PSA yako iko muzuri. Haiko kansere, » wanamwambia. Anarudi nyumbani akiimba.

Mzee huyu ni mfano tu, lakini njia aliyopitia inajulikana na familia nyingi za Kivu Kaskazini, Kivu Kusini, Ituri, Maniema na Tanganyika. Na ile hesabu ya mwisho, kwamba PSA ndogo maana yake hakuna kansere, ndiyo inayoweza kumponza. Kuna aina moja ya kansere ya prostati, si ya mara nyingi, ambayo inaleta damu kwenye mkojo wakati PSA bado iko chini. Wanganga wanaiita kansere ya mifereji ya prostati. Ili kuijua, sharti nyama isomwe kwa mikroskopi.

Prostati ni nini, na iko wapi?

Prostati ni tezi ambayo wanaume peke yao wanayo. Iko chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya njia ya haja kubwa. Kwa kijana ina uzito wa karibu gramu 20. Njia ya mkojo inapita katikati yake, sawa vile bomba linavyopita ndani ya ukuta. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya yale maji yanayobeba mbegu za mwanaume.

Kadiri miaka inavyosonga, prostati ya wanaume wengi inaongezeka. Ongezeko hilo, ambalo mahospitalini wanaliita adenoma, si kansere. Linabana njia ya mkojo, mzee anaamka usiku, mkojo unatoka kwa nguvu kidogo. Wazee wengi wana adenoma na watakufa na uzee wao, si kwa sababu ya prostati.

Kansere ni kitu kingine. Hapo chembe za prostati zinaanza kuzaliana bila mpango, zinavunja mipaka, na kwa wakati wake zinaweza kutembea mpaka kwenye mifupa na viungo vingine. Kwa hesabu za dunia nzima za 2022, wanaume karibu milioni 1,5 waligunduliwa kansere ya prostati mwaka huo, na karibu 400 000 ilikufa nao. Wanaume wenye asili ya Afrika wako katika hatari kubwa kushinda wengine, pia yule ambaye baba yake au ndugu yake wa damu aliugua.

Aina ya kawaida, na aina ya mifereji

Ndani ya prostati kuna vitezi vidogo sana vinavyotengeneza maji, na mifereji inayobeba maji hayo kuyapeleka kwenye njia ya mkojo. Mtu wa Kivu anaweza kuwaza shamba la mlimani: vyanzo vidogo viko pembeni, mifereji inakusanya maji, yote yanaelekea kwenye mto katikati.

Karibu kansere zote za prostati zinaanza kwenye vile vitezi vidogo, mara nyingi pembeni, upande wa nyuma, ambapo kidole cha munganga kinaweza kufika. Mkaaji wa pembeni hasumbui barabara kuu: kansere hiyo inaweza kukaa miaka bila kubana mkojo na bila kutoa damu. Ndiyo maana wengi wanagunduliwa kwa kipimo cha damu, au wamechelewa, wakati mgongo umeanza kuuma.

Kansere ya mifereji inaonekana chache sana. Ikiwa peke yake, bila kuchanganyika, haifiki hata moja kwa kila kansere 100 za prostati, au inapita hapo kidogo tu. Mara nyingi zaidi inachanganyika na ile ya kawaida ndani ya prostati moja. Ukihesabu zote pamoja zinakaribia 3 kwa 100. Inapenda kuota kwenye mifereji mikubwa karibu na njia ya mkojo. Inaingia ndani ya njia yenyewe kama vinyama vidogo vyenye vidole vidole, laini, vinavyovunjika upesi. Vikivunjika, damu inatoka. Vikijaa, mkojo unakwama.

Tofauti nyingine ni mwendo wake. Kansere nyingi za kawaida zinakwenda polepole, hata kuna wazee ambao munganga anawachunga tu bila kuwapasua. Kansere ya mifereji haichungwi namna hiyo. Inahesabiwa kati ya zile kali. Zaidi ya mifupa, inajulikana kwa kupenda kwenda kwenye mapafu, ini, na hata sehemu za siri za mwanaume, mahali ambapo ile ya kawaida haikimbilii kwanza.

Kwa nini PSA inaweza kudanganya

PSA ni proteini inayotengenezwa na prostati. Kidogo chake kinaingia katika damu. Marekani ilikubali kipimo hiki mwaka 1986 kwa kufuatilia wagonjwa ambao walikwisha kujulikana kuwa na kansere, kisha 1994 kwa kusaidia kuitafuta. Mahali pengi wanachukua 4 kuwa mpaka: chini ya nanogramu 4 katika mililita moja ya damu wanasema ni sawa, juu ya hapo wanaangalia zaidi.

Lakini PSA si kipimo cha kansere. Ni kipimo cha prostati. Inapanda kwa adenoma, inapanda kwa maambukizi, inapanda mtu akiwekewa sonda. Kwa hiyo PSA kubwa haimaanishi lazima kansere. Na kinyume chake nacho ni kweli: kuna kansere zinazotoa PSA kidogo kushinda ukubwa wake. Kansere ya mifereji iko kati ya hizo. Si kwa kila mgonjwa, maana wengine PSA yao inapanda sana, lakini mara za kutosha kwa munganga kutolala juu ya namba peke yake.

Kidole pia kinaweza kukosa. Kupimwa kwa kidole kupitia haja kubwa, kipimo ambacho wazee wengi wanakionea haya, kinachukua dakika moja na ni cha maana. Kinagusa sehemu ya nyuma. Kansere iliyoota katikati, karibu na njia ya mkojo, inaweza kuacha nyuma kukiwa laini kabisa. Basi mzee anaweza kuwa na PSA ndogo, kidole kizuri, na kansere kali. Kitu kimoja tu kinapiga kelele: damu.

Hii haimaanishi kila damu kwenye mkojo ni kansere ya mifereji. Inaweza kuwa maambukizi, mawe ya mafigo au ya kibofu, kichocho kwa sehemu zenye ugonjwa huo, adenoma yenyewe, au kansere ya kibofu. Lakini kwa mtu mzima aliyepita miaka 50, damu kwenye mkojo isiyo na maumivu ni ya kutafutiwa asili yake, hata kama imetoka siku moja tu na kuisha. Kuisha kwake si kupona.

Jina lililokosewa mwaka 1967

Historia ya kansere hii inaonyesha namna gani kusoma nyama vizuri kunabadilisha dawa.

Mtoto wa kiume akiwa bado tumboni, katika majuma ya kwanza, mwili wake una mifereji ya aina mbili: ile ambayo kwa msichana ingekuwa mfuko wa uzazi, na ile itakayokuwa njia za mbegu za mwanaume. Kwa mvulana, ile ya kwanza inanyauka. Katikati ya prostati kunabaki kifuko kidogo sana ambacho wataalamu wa zamani walikiita mfuko wa uzazi wa mwanaume.

Mwaka 1967, munganga Meyer Melicow wa New York na mwenzake Pachter waliandika juu ya kansere waliyoiona karibu na kifuko hicho. Kwenye mikroskopi ilifanana sana na kansere ya mfuko wa uzazi ya wanawake. Wakafikiri imetoka kwenye mabaki yale, wakaipa jina la kansere ya uzazi.

Jina hilo halikuwa jambo la vitabu tu. Toka 1941, Charles Huggins wa Chicago alikuwa ameonyesha kwamba kansere ya prostati inakula homoni ya kiume. Ukiondoa makende, au ukimpa mgonjwa homoni ya kike, kansere inapungua. Kwa kazi hiyo alipata tuzo ya Nobel mwaka 1966. Sasa, kama kansere hii mpya ni ya uzazi, homoni ya kike ingeilisha badala ya kuiua, na kuondoa makende kusingesaidia kitu. Mgonjwa angenyimwa dawa inayomfaa kwa sababu ya jina.

Wanganga waliofuata waliipaka nyama ile rangi maalum zinazoshika proteini za prostati, kati yao PSA. Nyama ikashika rangi. Kumbe ni mtoto wa prostati kabisa, si wa uzazi. Jina la zamani likaachwa, wakasema kansere ya mifereji. Matibabu ya homoni yakabaki na nafasi yake kwa wagonjwa hao pia.

Namna ya kuigundua

Mzee wa Lubero, kama damu yake itachukuliwa kwa uzito, atapita hatua kadhaa.

Kwanza maswali na mkojo. Damu inatoka mwanzoni mwa kukojoa, mwishoni, au wakati wote? Kuna homa? Kuna dawa za kulainisha damu anazokunywa? Mkojo unapelekwa labo kutafuta wadudu.

Kisha ekografi. Inaonyesha mafigo, kibofu, ukubwa wa prostati, na mkojo unaobaki ndani baada ya kukojoa. Ekografi peke yake haiwezi kusema aina ya kansere, lakini inaonyesha kama mafigo yameanza kuharibika kwa sababu mkojo umekwama.

Halafu kamera ndogo inayopitishwa kwenye njia ya mkojo, sistoskopi. Hapo ndipo kansere ya mifereji inajitokeza mara nyingi: munganga anaona vile vinyama vyenye vidole vidole vikielea ndani ya njia, mahali inapopita katikati ya prostati. Vinaweza kuchanganywa na uvimbe wa kibofu au na kinyama kisicho kansere. Macho hayatoshi, sharti akate kipande.

Kipande kinatolewa kwa njia mbili. Sindano ya biopsi inaingia kupitia haja kubwa, au kupitia ngozi kati ya korodani na haja kubwa, na kuchukua nyuzi ndogo za nyama, kwa kawaida 10 au 12, zaidi zile za pembeni. Ikiwa kansere iko katikati, sindano inaweza kupita kando yake. Njia ya pili ni kukwangua: chombo kinapita kwenye njia ya mkojo na kukata vipande vinavyobana. Wagonjwa wengi wa kansere ya mifereji wamegunduliwa hivyo, kwa vipande vilivyokwanguliwa kusudi tu mkojo upite.

Pale ambapo kuna mashine ya IRM, picha yake inasaidia kuonyesha mahali kansere iko na kama imetoka nje ya prostati.

Mwisho ni munganga anayesoma nyama kwa mikroskopi, ambaye mahospitalini wanamwita wa anapati. Kansere ya kawaida anaiona kama vitezi vidogo vya mviringo, kama maharagi yaliyomwagika. Ile ya mifereji ina chembe ndefu zilizosimama karibu karibu kama mikalitusi iliyopandwa kwa msongamano, zikipanga vidole na matundu. Anapaka rangi za PSA kuhakikisha ni ya prostati, si ya kibofu wala ya haja kubwa. Kiisha anatoa alama kwa mfumo ambao Donald Gleason wa Marekani aliutoa katika miaka ya 1960. Kansere ya mifereji kwa kawaida inapewa 4 na 4, jumla 8, alama ya kansere kali. Ikiwa ndani yake nyama imekufa, alama inaweza kupanda zaidi.

Nyama isitupwe

Hapa ndipo hatari kubwa iko kwa wagonjwa wa mashariki mwa Kongo. Mzee anapasuliwa kwa adenoma, mkojo unapita, familia inashukuru Mungu. Nyama iliyotoka inaonyeshwa kwa mtoto mkubwa ndani ya kibakuli: « Angalia, njo hii ilikuwa inamusumbua papa. » Kiisha inatupwa. Labda makuta ya anapati ilikosekana, labda anapati iko mbali, labda hakuna aliyesema kitu.

Nyama hiyo ndiyo ilikuwa jibu. Kwa macho, adenoma na kansere zinaweza kufanana. Mwaka mmoja au miwili baadaye mkojo unabanwa tena, mzee anakohoa, anakonda, na hakuna anayejua ni nini. Watu wanasema amerogwa, au munganga alifanya vibaya.

Kulinda nyama si kazi ngumu. Inawekwa mara moja ndani ya formoli ya asilimia 10, siyo ndani ya maji wala ndani ya kitambaa kikavu. Formoli inapaswa kuwa nyingi, karibu mara kumi kushinda nyama, ndani ya chupa yenye mdomo mpana. Chupa inaandikwa jina, umri, tarehe na mahali nyama ilitoka. Ikikaa hivyo vizuri, inaweza kusafiri mpaka mji wenye anapati, hata kama inachukua siku kadhaa. Pamoja nayo iende karatasi yenye majibu ya PSA na historia ya damu.

Familia inayochanga kwa ajili ya upasuaji inafaa kuhesabu anapati toka mwanzo, kama vile inavyohesabu dawa na kitanda.

Chungwa na ganda lake

Watu wengi wanaamini kwamba mtu aliyepasuliwa prostati hana tena prostati. Si hivyo, na kosa hilo limeponza wengi.

Upasuaji wa adenoma unafanana na kula chungwa kwa kutoa nyama ya ndani na kuacha ganda. Munganga anatoa ile sehemu ya katikati iliyonenepa, njia inafunguka, lakini ganda linabaki. Ni kwenye ganda hilo ambapo kansere nyingi zinaanza. Kwa hiyo mzee aliyepasuliwa adenoma anaweza bado kupata kansere ya prostati, na anapaswa kuendelea kufuatiliwa.

Upasuaji wa kansere ni mwingine kabisa. Unatoa chungwa lote: ndani, ganda, na vifuko vya mbegu vilivyoshikamana nalo. Mara nyingi zinatolewa pia ganglio za karibu, kusudi zisomwe kama kansere imefika huko. Kiisha kibofu kinashonwa moja kwa moja na njia ya mkojo iliyobaki. Hugh Hampton Young wa Baltimore alianza upasuaji wa aina hiyo mwaka 1904, akipitia chini kati ya miguu. Katika miaka ya 1940, Terence Millin, mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi London, alionyesha njia ya kupitia tumboni, nyuma ya mfupa wa kinena. Mwaka 1982 Patrick Walsh, naye wa Baltimore, alionyesha namna ya kuacha mishipa midogo inayosimamisha uume. Leo kuna hospitali zinazotumia kamera na hata roboti. Lengo halijabadilika: kutoa prostati nzima bila kuacha kansere pembeni.

Kwa nani upasuaji huo unafaa?

Unafaa wakati kansere bado iko ndani ya prostati au imetoka kidogo tu, na mwili wa mzee unaweza kuvumilia. Kabla ya kisu, sharti kujua kama kansere imekwisha kutembea. Kwa aina ya mifereji, picha ya mifupa haitoshi. Mapafu na ini pia viangaliwe, kwa sababu inapenda kukimbilia huko. Mafigo, moyo, sukari na wingi wa damu vinapimwa. Ndugu wa kutoa damu wanatafutwa mapema.

Kama kansere ilionekana katika vipande vya kukwangua, kwa kawaida munganga anangoja majuma kadhaa kabla ya kutoa prostati yote, kusudi kidonda cha ndani kitulie. Familia isifikiri amewasahau, lakini pia isipotee: kungoja huko kuna tarehe, na tarehe iandikwe.

Baada ya upasuaji mzee anabaki na sonda kwa juma moja au mawili, wakati mshono unapona. Mambo mawili yasemwe wazi mbele ya mzee na bibi yake kabla ya kutia sahihi. La kwanza, mkojo unaweza kumtoka bila kupenda. Kwa wengi hali hiyo inapungua kwa miezi, wakifanya mazoezi ya kukaza misuli ya chini, lakini kwa wachache inabaki. La pili, nguvu za kiume zinaweza kupungua au kuisha, zaidi kama mishipa ya pembeni iliondolewa. Kwa kansere kali munganga anaweza kulazimika kuiondoa. Tena hatatoa maji ya mbegu, kwa hiyo hataweza kuzaa kwa njia ya kawaida. Mtu aliyeambiwa mapema anachagua kama mtu mzima. Aliyefichwa anarudi nyumbani na hasira, na wengine wakimwona hawataki tena kupimwa.

Prostati ikitoka yote, PSA inapaswa kushuka karibu na sifuri ndani ya majuma sita hadi nane. Ikibaki juu, kuna kansere mahali. Kwa aina ya mifereji, hata PSA iliyolala haitoshi kumtuliza munganga: kama mzee anakohoa, anakonda au anatoa tena damu, picha zifanywe.

Kama imekwisha kutembea

Hapo kutoa prostati yote kwa kawaida hakuleti tena uponyaji. Matibabu yanabadilika, hayaishi. Kuondoa makende, au sindano zinazozima homoni ya kiume, zinaweza kupunguza kansere na maumivu, ingawa aina hii mara nyingi inajibu kwa muda mfupi kushinda ile ya kawaida. Kuna pia dawa za kemoterapi. Kukwangua kunaweza kufanywa tena kusudi damu isimame na mkojo upite.

Matibabu ya mionzi yanatumika badala ya upasuaji kwa wengine, au baada yake, au kutuliza mifupa inayouma. Kwa wakaaji wa mashariki, mashine zilizo karibu ziko ng'ambo ya mipaka: Kampala, kwenye Taasisi ya Kansere ya Uganda, iliyoanza 1967, na Kigali, kwenye hospitali ya kijeshi ya Kanombe, ambapo mionzi ilianza kutolewa 2019. Safari hiyo ni ya gharama. Atakayeifanya aende na karatasi ya anapati mkononi, na kama inawezekana vibao vya nyama yenyewe, kusudi asianze upya.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoka hospitali

Mtoto au bibi anayemsindikiza mzee anaweza kuyaandika kwenye kikaratasi. Damu ilitoka wapi, na nani aliangalia kwa kamera? Nyama iliyotolewa iko wapi, imeenda kwa anapati gani, majibu yanatoka siku gani? Upasuaji uliofanyika ulitoa ndani tu, au prostati yote? Karatasi ya anapati inasema aina gani ya kansere, na alama ngapi? Mapafu na ini vimeangaliwa? PSA inayofuata ni lini?

Hakuna munganga mzuri anayekasirika kwa maswali hayo. Na kama jibu la swali la pili ni « tulitupa », familia ijue kwamba bado kuna ganda la kuchunguza, na kwamba vipande vingine vinaweza kuchukuliwa.

Watoto wa kiume wa mzee aliyekutwa na kansere nao wasimamie afya yao. Marekani, shirika kubwa la kupambana na kansere linashauri wanaume wenye asili ya Afrika, na wale wenye baba au ndugu aliyeugua, waanze kuzungumza na munganga juu ya kupimwa wakiwa na miaka 45, bila kungoja kuamka usiku.

Kuhusu mwalimu wa Lubero, hatua inayofuata ni fupi: arudi hospitalini na ile PSA yake ya 2,8, aseme kwamba damu ilitoka mara tatu, na aombe kuangaliwa kwa kamera. Bibi yake aende naye.